Barua ya wazi: Gari zimetufikia, onyo lake limebaki Japani

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa wakuu wa Taasisi ya Viwango Zanzibar na Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kwa Kitengo cha Usalama Barabarani. Na kwa kila ambaye saini yake inahitajika ili gari ishushwe bandarini, isajiliwe na ipewe leseni ya njia.

Assalaam alaikum warahmatullah.

Waheshimiwa, mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Chake Chake, Pemba. Gari naendesha mwaka wa 19 huu na sijawahi kumgusa mtu. Nawaandikia kwa ajili ya kitambo kidogo cha asubuhi moja ambacho mpaka leo sijui nikiiteje, na kwa ajili ya mambo niliyoyajua baada yake kuhusu gari zilizotumika zinazotufikia kutoka Japani bila onyo la kasoro zake, mambo ambayo nyinyi mnao uwezo wa kuyashughulikia na sisi hatunao.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Mvua ya vuli ilipiga usiku, asubuhi jua likatoka, na wenye karafuu zao wakaanza kutandika majamvi pembezoni mwa barabara. Nilikuwa peke yangu garini. Mbele yangu ilikuwepo gari ya ng'ombe imepakia makuti. Nikakanyaga mafuta niipite, nikaipita, nikaondoa mguu. Gari haikupunguza. Injini ikazidi kuvuma, na pale ndipo barabara inapoanza kuteremka. Nikakanyaga breki, gari ikasita. Nikaachia, nikakanyaga tena, nikaachia. Mara ya tatu pedali ya breki ilikuwa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Mbele, upande wa kushoto, walikuwepo watoto wa skuli na mabegi yao, wanatembea wawili wawili. Nikavuta handibreki na kukata usukani kulia bila hata kuangalia kama kuna gari inayokuja. Nikapita juu ya jamvi la karafuu, nikapanda ukingo wa udongo, nikajichomeka kwenye migomba. Injini ikazimika hapo.

Hakufa mtu, hakuumia mtu, alhamdulillahi. Yule mama mwenye jamvi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale nilipopita, ungo mkononi. Sura yake naiona kila ninapofumba macho.

Watu walikusanyika, na kabla sijateremka hukumu ilishatoka. "Mwalimu, umekanyaga siyo," akaniambia kijana mmoja, kwa upole kabisa. Mzee mwengine akasema ni baibui limenasa. Afisa aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza kama nina leseni, nilikuwa na kasi gani, nilikuwa nazungumza na simu au vipi. Maswali yake yote yalikuwa ya haki. Lakini hakuna hata mmoja aliyeinama akatazama miguuni pa dereva. Hakuna aliyefungua boneti. Kwenye karatasi pakaandikwa kuwa dereva alishindwa kuimudu gari, na shauri likaishia hapo.

Mpwa wangu, kwa kunionea huruma, akaivuta gari mpaka gereji siku ile ile. Jioni fundi akanipigia simu: "Mwalimu, gari yako tayari. Waya wa mafuta ulikuwa umeshika kutu, nimeutia oili. Na zulia la miguuni lilikuwa limejikunja, nimelitoa." Nikamuuliza, lilikuwa juu ya pedali au chini yake? Na waya, ulikuwa umekwama au ulikuwa mzito tu? Akasema hakumbuki. Simlaumu. Alipewa gari aitengeneze, na akaitengeneza.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, mimi sijui. Huenda waya ulinata. Huenda ni zulia, kwa sababu nilikuwa nimetandika la mpira juu ya lile lililokuja na gari. Na huenda ni mguu wangu uliokwenda siko, akili ikaniambia vyengine. Nimesoma sana tangu siku ile, na nimejua kuwa mtu mwenye akili timamu anaweza kuapa kuwa amekanyaga breki kumbe amekanyaga mafuta, wala hasemi uongo. Ushahidi wa kulijua lipi kati ya hayo matatu ulikuwemo mle garini kwa saa nzima niliyokaa juu ya ukingo ule. Kisha ukafutwa kwa kitambaa chenye oili.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilipoanza kusimulia, wenzangu nao wakafungua vifua. Mwalimu mwenzangu gari yake ilirudi nyuma ikagonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe, mara tu alipoiwasha na kutia gia ya R. Dereva mmoja wa gari ya abiria aliniambia, kama anayezungumzia jambo la kawaida, kuwa pedali yake ya mafuta hairudi vizuri na yeye huinyanyua kwa ncha za vidole vya mguu kila anapofika kituo. Anabeba watu kila siku kwa hali hiyo. Wote hawa hawakuandika popote, maana wanajua jibu watakalopewa.

Wakubwa wangu, dunia imeshapita njia hii kabla yetu, na imejifunza mambo ambayo yangetusaidia.

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego katika jimbo la California, Marekani, askari wa barabara kuu aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa na muuza magari wakati gari yake inashughulikiwa. Ndani alikuwa na watu wa familia yake. Gari ikashika kasi isishikike, na wote wanne wakafa. Wachunguzi walikuta kuwa zulia la mpira lililowekwa halikuwa la gari ile. Lilikuwa la aina nyengine iliyo kubwa zaidi, na liliibana pedali ya mafuta chini. Mtu yule kazi yake ilikuwa barabarani. Kama uzoefu peke yake ungetosha kumwokoa mtu, ungemwokoa yeye.

Kuna jambo katika mkasa ule ambalo sijaweza kulisahau. Siku chache kabla, mteja mwengine aliazimwa gari ile ile, na yakamkuta yale yale. Yeye alijaaliwa kutia gia ya N, ile huru inayoitenga injini na tairi, akasimama kando, akaona zulia limeinasa pedali, akalitoa. Aliporudisha gari aliwaeleza pale mapokezi. Habari ile ikafia mezani, na gari ikapewa familia nyengine.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalotaka kuwaambia kuhusu visiwa vyetu. Onyo lilikuwepo. Lilifika mahali likakwama, na waliokuja kufa hawakulisikia.

Baada ya mkasa ule Toyota, ambayo ndiyo inayotengeneza Lexus, iliita mamilioni ya gari zirudishwe kurekebishwa kwa ajili ya mazulia, na Januari 2010 ikaita tena nyengine zaidi ya milioni 2 huko Marekani kwa sababu pedali ya mafuta iliweza kunata na kuchelewa kurudi. Wananchi wakashuku kompyuta ya gari. Serikali ya Marekani ikaomba msaada kwa NASA, wale wa safari za anga, na wahandisi wao wakachunguza kwa miezi 10. Ripoti ilitoka Februari 2011. Hawakupata ushahidi kuwa vifaa vya umeme vilikuwa vikifungua injini vyenyewe. Walitaja sababu mbili zilizojulikana, zulia kunasa na pedali kunata, na wakuu wa usalama barabarani wakasema kuwa katika ajali nyingi walizozichunguza dereva alikanyaga pedali siyo. Hata hivyo mjadala haukuishia hapo. Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliwapa ushindi waathirika wa ajali ya Toyota Camry ya toleo la 2005, baada ya mtaalamu kueleza kasoro alizoziona katika programu ya gari ile. Na Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu iliwapotosha wateja wake kuhusu hatari ya mazulia na pedali.

Siyaandiki haya kuichafua kampuni yoyote. Nayaandika ili muone kuwa nchi ile haikuridhika na neno "dereva ameshindwa kuimudu gari". Ilipoambiwa ni dereva, ilitaka kuona. Na mara nyingi ikaona kweli ni dereva, jambo ambalo mimi mwenye gari sina budi kulikubali.

Lakini hata pale ilipobainika ni mguu, hawakusema basi na aache kuendesha. Miaka ya 1980 gari za Audi 5000 zilikuwa na kesi kama hizi, na uchunguzi uliotolewa mwaka 1989 ulisema sehemu kubwa ni makosa ya pedali. Dawa yake ikatiwa ndani ya gari: kifaa kinachozuia gia isitoke kwenye P, ile ya kuegesha, mpaka breki ikanyagwe kwanza. Leo gari zetu karibu zote za oto, zinazobadili gia zenyewe, zinacho, na tunakitumia kila asubuhi bila kujua kilitoka wapi. Japani kwenyewe, ambako Aprili 2019 mzee wa miaka 87 alipoteza udhibiti wa gari katika mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, na kumuua mama pamoja na mtoto wake wa miaka 3, mahakama iliamua kuwa mzee alikanyaga mafuta badala ya breki ingawa alidai gari ilikuwa mbovu. Akafungwa miaka 5. Na serikali yao haikuishia kumfunga mzee; imepanga kuwa kuanzia Septemba 2028 gari mpya za oto ziwe na kifaa cha kuzuia gari isiruke, yaani isishike kasi ghafla, kwa kukanyagwa pedali siyo. Gari hizo zitatufikia sisi baada ya miaka mingi. Tulizonazo leo ni za zamani, na nyingi hazina hata ule mfumo ambao ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, breki ndiyo inayosikilizwa. Mfumo huo watengenezaji kama Toyota waliusambaza katika gari zao baada ya misukosuko ya 2009 na 2010.

Sasa nakuja kwetu.

Gari zetu zinatoka Japani zikiwa zimetumika. Huko, kiwanda kikigundua kasoro, kinatoa taarifa serikalini na kumwandikia barua mwenye gari aliyesajiliwa, kikimwita aipeleke itengenezwe bure. Gari ikishafutwa katika daftari lao na kupakiwa melini, barua haina tena wa kumwendea. Gari inashuka bandari ya Malindi, Unguja, au Dar es Salaam, inavushwa kuja Pemba, inapewa namba yetu inayoanza na Z, na kasoro iliyotangazwa Tokyo inaendelea kupanda na kushuka vilima vya Mkoani na Wete bila mtu kujua.

Si kwamba taarifa hizo ni siri. Kila wito wa kurudisha gari unatangazwa pamoja na namba za chesisi zinazohusika. Wizara yao ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii inazitoa, na watengenezaji wana sehemu za kuingiza namba ya chesisi ukaambiwa kama gari yako imeitwa. Shida ni kwamba zimeandikwa Kijapani, na mkulima wa Konde au muuguzi wa Kengeja hana pa kuanzia. Mimi mwenyewe nilihitaji kijana aliyesoma huko anisomee, na jioni mbili nzima zilipita.

Nyinyi, Waheshimiwa, mnazo namba za chesisi za gari zetu zote. Hakuna gari inayosajiliwa bila namba hiyo kuandikwa. Kwenye meza zenu kuna nusu ya jibu, na nusu ya pili iko wazi Japani. Ninachokiomba ni kuziunganisha nusu hizi mbili.

Iwe hivi: gari inapofikishwa kusajiliwa, namba yake ya chesisi iangaliwe katika taarifa za wito za Japani, na mnunuzi apewe karatasi kwa Kiswahili inayosema gari hii iliitwa kwa kasoro gani, na kama kuna kumbukumbu kuwa ilitengenezwa. Tena apewe kabla hajamlipa muuzaji fedha ya mwisho. Kwa sisi ambao gari tunazo tayari, jambo hilo lifanywe tunapokuja kulipia leseni ya njia. Kila mwenye gari anapita dirishani hapo. Ujumbe mfupi wa simu ungetosha. Tunapokea ujumbe wa kila aina katika simu zetu. Huu mmoja ungeokoa roho.

Najua mtaniuliza, na akishajua ndiyo afanye nini, na kiwanda hakipo hapa? Swali zuri, na sina jibu lake lote. Kiwanda cha Japani hakikuiuza gari hii Zanzibar, na huenda kikasema hainihusu. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi badala ya kukiandikia kiwanda. Mwananchi mmoja akigonga mlango wa wakala wa kampuni Dar es Salaam na gari yake kuukuu, atasubiri uani. Serikali ikienda na orodha ya gari zake zote zilizoitwa, itakaribishwa ndani. Na hata kama vipuri havitapatikana, kuna kasoro ambazo kuzijua tu ni nusu ya kupona: mtu akiambiwa pedali ya gari yake iliwahi kuitwa kwa kunata, atampelekea fundi aikague kabla hajateremka kilima.

Jambo hili si la pedali peke yake. Mifuko ya hewa, ile inayofumka kumkinga mtu gari ikigonga, iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitwa duniani kote kwa sababu kemikali iliyomo huharibika na kuweza kupasua chuma kikamrukia dereva. Kilichoiharibu zaidi ni miaka mingi ya joto na unyevu. Joto na unyevu! Nani anavyo kuliko sisi? Barua za wito ule nazo zilikwenda kwa wamiliki wa zamani, katika nchi zenye theluji.

Ombi langu jengine ni la ajali zenyewe. Dereva akisema "gari imeniruka", neno hilo liandikwe kama alivyolisema, na gari isipelekwe gereji mpaka mtu anayejua aitazame. Kutazama huko hakuhitaji maabara. Zulia limekaaje, lina vishikizo vyake au limetandikwa juu ya jengine? Pedali ya mafuta ukiikanyaga kwa mkono na kuiachia, inaruka juu au inajivuta? Waya katika ala yake unateleza au umeliwa na chumvi? Kwetu visiwani hakuna chuma kinachosalimika na hewa ya bahari. Kile kilango cha hewa cha injini kina masizi ya kukibana? Kuna chupa ya maji iliyobingiria chini ya breki? Dereva alivaa nini miguuni? Picha kumi za simu zingetosha kuanzia. Na gari nyingi za miaka ya karibuni zina kumbukumbu ndani ya kompyuta ya mifuko ya hewa, inayohifadhi sekunde chache kabla ya ajali: kasi, mafuta yalikanyagwa kiasi gani, breki iliguswa au haikuguswa. Mashine za kuisoma zipo duniani. Ikiwa Zanzibar itakuwa nayo moja tu, dereva mkosa atajulikana na dereva asiye na hatia atalala usingizi. Gari yangu ni ya zamani mno kwa hilo. Mimi ningeridhika na zile picha.

Maelezo hayo yakikusanywa Unguja na Pemba, baada ya mwaka mtaona kama kuna aina ya gari inayojirudia. Leo hatuwezi kuona lolote, kwa sababu ajali zote zimeandikwa neno moja.

Na kuna la skuli za udereva, ambalo mimi kama mwalimu linaniuma. Nilijifunzia gari ya gia za mkono. Huko clachi ilikuwa ikitulinda. Ukibabaika unaikanyaga, injini inaachana na tairi. Kisha tukanunua gari za oto, zenye pedali mbili, na hakuna aliyetukalisha chini akatueleza cha kufanya zikituruka. Miaka 19 sikuwahi kuambiwa maneno ambayo sasa nawaambia wanafunzi wangu wakubwa, na ambayo naomba yaingizwe katika mtihani wa leseni:

Gari ikikataa kupunguza, kanyaga breki kwa nguvu zako zote mara moja na usiiachie. Usiipampu. Breki ya gari husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na injini ikiwa imefunguka mafuta yote mvuto huo haupo. Kilichobaki ni akiba ya mara mbili tatu, ukiachia na kukanyaga tena unaimaliza. Ndiyo maana pedali yangu ikawa jiwe. Huku mguu uko kwenye breki, tia N. Injini itapiga kelele ya kutisha, iache ipige, tairi hazisukumwi tena. Vuta kando, simama, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari ikiwa inakwenda, usukani utajifunga. Kwa gari za kuwasha kwa kitufe, zilizo nyingi ukikibonyeza kidogo zikiwa mwendoni hazizimi. Yataka ukishikilie, katika gari za Toyota sekunde kama 3.

Laiti ningelijua hili asubuhi ile, jamvi la yule mama lisingeguswa. Mteja yule wa California aliyeokoka aliokolewa na hiyo N, hakuwa dereva bora kuliko mimi wala kuliko yule askari. Sikumbuki kama niliifikiria hata mara moja. Mkono wangu ulikwenda kwenye handibreki kwa sababu ndiko ulikofundishwa.

Wauzaji wa mazulia nao waangaliwe, lakini bila kuwanyang'anya riziki. Yale ya mpira yanayouzwa kwa kukatwa, yasiyo na vishikizo, yanawafaa abiria wa nyuma. Upande wa dereva yasiwepo, na juu ya zulia jengine yasiwekwe kabisa. Tangazo moja la Shirika la Utangazaji Zanzibar kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili lingewafikia watu wengi kuliko barua yangu hii.

Na wenzangu wenye gari, maana najua nanyi mtaisoma: msiufute ushahidi. Gari ikikuruka, piga picha miguuni kabla hujamwita fundi. Vueni ndara na viatu vya mchuchumio mnapoendesha, baibui na kanzu mzikunje ziondoke kwenye pedali. Mimi nilikuwa nimevaa baibui siku ile. Nimeliangalia pindo lake mara nyingi, nikatafuta alama ya pedali, sikuiona. Lakini nalo nilishalifua.

Waheshimiwa, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003 inatutaka sisi wenye gari tusizitie barabarani zikiwa mbovu. Ni haki. Tunachoomba ni tuambiwe ubovu ambao wenzetu waliozitengeneza wameshaujua.

Gari yangu ipo uani, Madungu. Sijaiendesha tangu ilipotoka gereji. Watoto wangu wanataka niiuze, na mimi siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho sijui kilifanya nini. Waya ule wa zamani nilimwomba fundi aniwekee, aliponifungia mpya. Umo ndani ya mfuko wa plastiki, umekunjwa, na lile zulia la mpira liko pamoja nao. Namba ya chesisi nimeinakili kwenye daftari. Huwa skuli mpaka saa nane mchana, na baada ya sala ya alaasiri huwa nyumbani. Mkimtuma mtu wa kutazama, mzee ama kijana, atakunywa chai na atanikuta na vitu vyote hivyo mezani.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwalimu wa skuli ya sekondari, mwenye gari
Madungu, Chake Chake, Pemba